Kurekebisha Majina ya Faili Kwenye Flopi za Kompyuta za Zamani: Mwongozo Kamili

Flopi nyingi zinazotolewa makabatini hapa Uganda bado zina uhai. Kinachofanya mwenyewe aamini kwamba zimekufa, mara nyingi, ni majina ya faili. Diski inaingia, orodha inatokea, unaona faili inaitwa BARUA,3 au jina lenye michoro badala ya herufi. Unaliandika kama unavyoliona, na kompyuta inajibu kwamba faili hiyo haipo. Unajaribu tena, jibu ni lile lile. Diski inarudishwa sandukuni, na safari inayofuata ni ya jalalani.

Huo ni msiba unaozuilika. Kwenye flopi hizo kuna hesabu za vyama vya kahawa vya Mbale, mahubiri, mashairi ya walimu, majina ya ukoo yaliyochapwa na wazee ambao leo hatunao. Jina likiharibika, maandishi yenyewe kwa kawaida hayajaguswa. Jina ni baiti chache tu ndani ya saraka, mahali tofauti kabisa na yalipo maandishi. Saraka ni kama orodha ya wanafunzi iliyobandikwa mlangoni: ukikosea jina la mtoto, mtoto bado yumo darasani. Kazi yetu ni kusahihisha orodha bila kumgusa mtoto.

Mwongozo huu unashughulikia kwa kirefu aina mbili ninazoziona zaidi: Commodore 64 na draivu yake ya 1541, na diski za MS-DOS. Amiga, Atari ST, BBC Micro na Amstrad nitazipitia kwa ufupi, kwa sababu ukielewa hizo mbili za kwanza, zilizobaki hazitakusumbua.

Kabla ya kugusa jina lolote

Anza kwa kuzuia diski isiandikwe. Hapa watu huchanganya, maana flopi za inchi 5.25 na za inchi 3.5 zinafanya kazi kinyume. Ile kubwa, laini, ina pengo dogo ubavuni: ukiliziba kwa kipande cha karatasi ya gundi, diski haiandikiki. Ile ndogo, ngumu, ina kitelezi kwenye kona: ukikisogeza hadi kitundu kionekane wazi, diski haiandikiki. Fanya hivyo kwa kila diski, hata kama umeahidiwa kwamba haina kitu cha maana.

Kisha itazame mwangani. Zungusha sahani polepole kwa kidole ukishika kitovu tu, na utazame kupitia dirisha la kusomea. Madoa meupe au ya kijivu ni ukungu wa kuvu, na hapa kwetu, hasa miji ya kando ya ziwa, Entebbe, Jinja na hata Kampala yenyewe, kuvu ni adui mkubwa kuliko sumaku. Usiingize diski yenye kuvu kwenye draivu. Itachafua kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu kitakwaruza kila diski itakayofuata. Pangusa kwa pamba laini na isopropili ya asilimia 99, acha ikauke kabisa, kisha ndiyo ujaribu. Spiriti ya kuchomea ina rangi, na waragi ina maji mengi. Zote mbili hazifai.

Umeme nao uangalie. Kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani inataka volti 110 hadi 120, na sisi tuna 240. Hata Commodore ya Uingereza, iliyotengenezewa umeme wa namna yetu, ina kibadilisha umeme ambacho kikizeeka kinaweza kupandisha ule mstari wa volti 5 na kuunguza vijenzi vya kumbukumbu. Kipime kwa mita kabla ya kukichomeka kwenye mashine. Na usiandike chochote kwenye diski siku ambayo umeme unakatika na kurudi, kwa sababu umeme ukikatika saraka inapoandikwa, utapata tatizo kubwa kuliko ulilotaka kulitibu.

Tengeneza taswira, ufanye kazi juu ya taswira

Hili ndilo sharti langu pekee lisilo na majadiliano: jina halirekebishwi kwenye diski ya asili. Kwanza unanakili kila sekta ya diski, yaani kila kipande kidogo cha data, kuwa faili moja kwenye kompyuta ya kisasa, ambayo hapa nitaiita taswira, na marekebisho yote yanafanyika kwenye nakala ya taswira hiyo.

Kwa diski za DOS za inchi 3.5, draivu ya USB inatosha. Draivu hizo husoma diski za 1.44 MB, na nyingi husoma pia za 720 KB. Kwenye Linux:

dd if=/dev/sdb of=kahawa01.img bs=512 conv=noerror,sync

Hakikisha kwanza kwamba /dev/sdb ndiyo flopi kweli. Amri ya lsblk itakuonyesha. Taswira ya 1.44 MB lazima iwe na baiti 1,474,560, na ya 720 KB baiti 737,280. Ikipungua, usomaji haukukamilika.

Draivu ya USB haiwezi kusoma diski za Commodore wala Amiga, hata zikiwa za inchi 3.5, kwa sababu namna data ilivyopangwa kwenye njia za diski (miduara ambamo data huandikwa) ni tofauti kabisa. Kwa hizo tumia kibao cha Greaseweazle, unachokiunganisha na draivu ya kawaida iliyong'olewa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Mafundi wa kompyuta mjini wanazo draivu hizo kwenye marundo ya vyuma, na mara nyingi hawana matumizi nazo. Amri zake ni hizi:

gw read --format commodore.1541 kahawa01.d64
gw read --format ibm.720 kahawa01.img
gw read --format amiga.amigados kahawa01.adf

Kama una draivu ya 1541 yenyewe ikiwa nzima, kifaa cha ZoomFloppy kitaiunganisha na USB, na utasoma kwa amri ya d64copy 8 kahawa01.d64. Taswira kamili ya Commodore ina baiti 174,848, yaani sekta 683 za baiti 256.

Baada ya hapo piga hesabu ya sha256sum ya taswira, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, uiandike kwenye daftari la kazi, uifanye taswira isiandikike, kisha unakili. Nakala ndiyo utakayoichezea.

Commodore 64: pale jina linapoonekana na halikubali kuitwa

Kwenye diski ya 1541 saraka iko njia ya 18. Sekta ya 0 inashika ramani ya nafasi, na kuanzia sekta ya 1 ndiyo majina. Kila faili ina mstari wa baiti 32, jina lina nafasi 16, na nafasi zisizotumika hujazwa baiti A0 (kwa heksa, hesabu ya msingi wa 16), si nafasi tupu ya kawaida. Diski nzima inaweza kubeba faili 144 tu.

Itazame saraka kwanza. Kwenye mashine unaandika LOAD"$",8 halafu LIST, ukikumbuka kwamba programu yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu itafutika. Kwenye kompyuta ya kisasa, ukiwa umeweka VICE, programu inayoigiza Commodore, unaandika:

c1541 -attach kahawa01.d64 -list

Amri ya kubadilisha jina kwenye Commodore, utakayoitumia kwenye nakala tu, huweka jina jipya mbele na la zamani nyuma:

OPEN 15,8,15,"R0:BARUA3=BARUA":CLOSE 15

DOS inafanya kinyume: la zamani kwanza, jipya baadaye. Anayefanya kazi na mashine zote mbili siku moja atachanganya, kwa hiyo bandika karatasi ukutani.

Taa ya draivu ikianza kumweta, kuna kosa. Usibahatishe. Andika programu hii fupi, maana INPUT# haikubali kuandikwa moja kwa moja bila namba ya mstari:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE 15

Namba 62 maana yake faili haikupatikana, 63 jina tayari lipo, 26 diski imezuiwa kuandikwa, 33 umetumia kiulizi au kinyota mahali pasiporuhusiwa.

Sasa tuje kwenye magonjwa yenyewe.

La kwanza na la kawaida kuliko yote ni herufi za shifti. Commodore haitumii ASCII, ule mpango wa kawaida wa kuipa kila herufi namba, kama tunavyoijua; inatumia mpango wake, PETSCII. Herufi B ya kawaida ni baiti 42 kwa heksa, na B iliyopigwa pamoja na shifti ni C2. Kwenye skrini ya kawaida C2 huonekana kama mchoro, na kwenye hali ya herufi ndogo huonekana kama B kubwa. Mwalimu aliyeandika kwa programu ya barua, akahifadhi kwa jina la Barua, ameacha C2 mwanzoni. Wewe ukija na skrini ya kawaida na kuandika BARUA, draivu inalinganisha baiti, inaona 42 si C2, inakataa. Bonyeza kitufe cha Commodore pamoja na shifti kuingia hali ya herufi ndogo, andika Barua kama alivyoandika yeye, na faili itafunguka. Ukitaka kulibadilisha jina kabisa:

OPEN 15,8,15
PRINT#15,"R0:BARUA="+CHR$(194)+"ARUA"
CLOSE 15

Njia hiyo ya CHR$ ni dawa ya jina lolote lenye baiti usiyoweza kuipata kwenye kibodi.

Tatizo hili hili huzaliwa upya kwenye kompyuta za kisasa. Programu ya c1541 huchukulia herufi ndogo unazoandika kuwa ndizo herufi za kawaida za Commodore, na herufi kubwa kuwa za shifti. Ukiandika jina jipya kwa herufi kubwa ukidhani unafuata desturi ya zamani, umetengeneza jina ambalo mashine itakuonyesha kama michoro. Kwa hiyo andika hivi, kwa herufi ndogo:

c1541 -attach kahawa01.d64 -rename "jina la zamani" "barua 1989"

La pili ni mkato, nukta pacha na alama ya sawasawa. Draivu hutumia alama hizo kutenganisha sehemu za amri. Faili ikiwa inaitwa BARUA,3, draivu inaona jina ni BARUA na kwamba 3 ni agizo jingine. Hapo amri ya R haitakusaidia, kwa sababu haikubali kiulizi kwenye jina. Lakini kusoma kunakubali: LOAD"BARUA?3",8 itaipata, kwa kuwa kiulizi husimama mahali pa herufi yoyote moja. Kama ni programu ya BASIC, ihifadhi kwa jina jipya, umemaliza. Kama ni faili ya data, nenda kwenye taswira na kihariri cha heksa, programu inayoonyesha na kubadilisha baiti moja moja. Saraka inaanza kwenye nafasi 16600 kwa heksa, na jina la kwanza linaanza 16605. Tafuta 2C, ambayo ni mkato, andika 2D, ambayo ni kistari. Baiti moja kwa baiti moja, urefu haubadiliki, hakuna kingine cha kurekebisha. Ninaipenda njia hii kuliko zote kwa sababu inagusa kidogo kabisa.

Jihadhari sana na kiulizi kwenye amri ya kufuta. S0:BARUA?3 itafuta kila faili inayolingana, na draivu haitakuuliza kwanza.

La tatu ni A0 katikati ya jina. Orodha hufunga alama ya mtajo pale A0 ya kwanza inapotokea, na herufi zinazofuata huonekana nje. Wengi huona hiyo ni saraka iliyoharibika. Ni ujanja wa makusudi wa zamani. Andika sehemu iliyo kabla ya A0 tu, faili itafunguka. Ujanja wa jamaa yake ni baiti 14 kwa heksa, ile ya kufuta, ambayo waandishi wa michezo waliiweka ndani ya jina ili orodha ijifute yenyewe kwenye skrini. Faili zipo, zitazame kwa c1541 au kihariri cha heksa.

La nne ni faili mbili zenye jina moja. Draivu hufungua ile inayotangulia siku zote. Ibadilishe jina hiyo ya kwanza, na ya pili itafikika.

La tano si jina hasa lakini huonekana kama jina: kinyota kando ya PRG (programu) au SEQ (data au maandishi). Hiyo ni faili ambayo haikufungwa, mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika inapoandikwa. Usiifute kwa S, kwa sababu ufutaji wa faili ya namna hiyo unaweza kuachilia sekta za faili nyingine. Usiendeshe pia V, amri ya kukagua diski na kuandika upya ramani ya nafasi, kabla ya kuiokoa, kwani huiondoa. Kwenye nakala ya taswira tafuta baiti ya aina, ambayo inakaa nafasi tatu kabla ya jina, na ubadilishe 02 kuwa 82, au 01 kuwa 81. Soma kilichopo, uhifadhi pengine.

Na baiti hiyo ikiwa 00, faili ilifutwa. Kwenye Commodore hilo halitishi sana. Ufutaji hugeuza aina kuwa 00 na kutangaza sekta zake kuwa huru, lakini mnyororo unaounganisha sekta na sekta umo ndani ya sekta zenyewe, katika baiti mbili za kwanza. Rudisha 82 kwa programu au 81 kwa maandishi, kisha endesha V kwenye nakala ili ramani ya nafasi ilingane. Kama hakuna kilichoandikwa juu yake, faili inarudi nzima. Tahadhari moja: usiendeshe V kwenye diski za GEOS, mfumo wa madirisha wa Commodore, wala diski ambazo programu iliandika sekta moja moja bila kupitia saraka. V haizijui sekta hizo, itaziachia ziandikwe juu.

MS-DOS: nane, tatu, na yasiyoonekana

Diski za DOS ndizo zilizojaa maofisini, makanisani na kwenye vibanda vya uchapaji vya Nasser Road. Mpango wake, FAT12, nao una mistari ya baiti 32. Baiti 8 ni jina, 3 ni kiambishi cha aina, nukta yenyewe haiandikwi, na nafasi zilizobaki hujazwa 20. Baiti inayofuata ni ya sifa, na mwishoni kuna saa, tarehe, mahali faili inapoanzia na ukubwa wake.

Saraka kuu utaikuta hapa ndani ya taswira, kwa heksa: 2600 kwenye diski ya 1.44 MB, E00 kwenye 720 KB, A00 kwenye 360 KB. Ya kwanza ina nafasi ya majina 224, nyingine mbili 112.

Kwa kazi ya kawaida, mtools, kifurushi cha amri za kushughulikia diski za DOS, inatosha, na haidai kuunganisha taswira na mfumo:

mdir -i kahawa01.img ::
mren -i kahawa01.img ::BARUA.JAN ::BARUA01.TXT

Ugonjwa wa nafasi tupu. Programu kadhaa ziliweza kuhifadhi jina lenye nafasi katikati, lakini ukiandika jina hilo kwenye mstari wa amri, DOS inakata pale pale. Ndugu yake ni herufi namba 255, iliyopigwa kwa Alt na tarakimu, ambayo huonekana kama nafasi tupu na watu waliitumia kama kufuli la kienyeji. Yote mawili yanatibiwa kwa kiulizi:

REN BARUA?1.TXT BARUA1.TXT

Tofauti na Commodore, hapa kubadilisha jina kunakubali kiulizi. Tumia DIR BARUA?1.TXT kwanza uhakikishe inakamata faili moja tu.

Herufi ndogo ndani ya saraka. DOS hugeuza unachoandika kuwa herufi kubwa kabla ya kutafuta. Kama programu mbovu iliandika barua.txt kwa herufi ndogo kweli kweli, hutaifikia kamwe kwa jina lake. Kiulizi kitafanya kazi, au punguza 20 kwa heksa kutoka kila baiti iliyo kati ya 61 na 7A.

Jina linaloanza na E5. Hiyo ni faili iliyofutwa. Wengine husema badilisha E5 iwe herufi na faili imerudi. Kwa FAT hiyo si kweli. DOS ikifuta, inasafisha pia mnyororo ndani ya jedwali la FAT, kwa hiyo unajua faili inaanzia wapi na ina ukubwa gani, lakini hujui inapita wapi. UNDELETE, iliyokuja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991, itakuuliza herufi ya kwanza na kudhani sehemu zimefuatana. Kwa faili fupi dhana hiyo hufaulu mara nyingi. Kwa kitabu cha hesabu kilichohaririwa miaka mitatu, kagua kila ukurasa.

Majina marefu ya Windows 95. Tangu mwaka 1995 jina refu huhifadhiwa kwenye mistari ya ziada, herufi 13 kila mstari, yenye sifa 0F, na lile fupi hubaki RIPOTI~1.DOC. Diski ikipelekwa kwenye DOS ya zamani na faili kubadilishwa jina huko, mistari ya ziada inabaki bila mwenyewe. Usiifute haraka. Isome kwa heksa kwanza: huenda ndiyo sehemu pekee inayosema ripoti hiyo ilikuwa ya nini.

Herufi zenye alama juu. Mipaka yetu na Kongo na Rwanda inaleta diski zenye majina ya Kifaransa. É kwenye jedwali la herufi 437 ni baiti 90, na kompyuta ya kisasa isiyoambiwa hivyo itaonyesha uchafu. Unganisha taswira kwa kutaja jedwali:

mount -o loop,ro,codepage=437,iocharset=utf8 kahawa01.img /mnt

Kwa lugha zetu tatizo lina sura nyingine. Ŋ ya Luganda haimo kwenye jedwali la 437 wala la 850, kwa hiyo waliochapa waliandika NG, au NG' kwa ritifaa. DOS inakubali ritifaa, kwa hiyo NG'OMBE.TXT ni jina halali. Linux nayo inalikubali, ila kwenye mstari wa amri lazima ulizungushie alama za mtajo. Na ukiandika jina upya usitumie ritifaa iliyopinda ambayo simu na programu za barua huweka zenyewe. Hiyo haina nafasi kwenye jedwali la zamani.

Viambishi vya aina vilivyopotea. WordPerfect, programu ya kuandikia, haikulazimisha kiambishi, kwa hiyo watu waliandika BARUA.JAN, BARUA.FEB. Usibahatishe aina kwa jina. Tazama baiti za mwanzo. FF 57 50 43 ni WordPerfect, na LibreOffice itaifungua. Baiti ya kwanza 03 au 83 kwenye faili ya orodha ni dBASE III. 00 00 02 00 06 04 ni jedwali la Lotus 1-2-3.

Nyingine kwa haraka

Atari ST inatumia FAT12 ile ile, kwa hiyo yote ya DOS yanafaa. Diski zilizoandaliwa na matoleo ya mwanzo ya mfumo wake zinaweza kukataliwa na kompyuta nyingine kwa sababu ya sekta ya kwanza, si kwa sababu ya majina.

Amiga inakubali herufi 30, pamoja na nafasi, ila mkwaju na nukta pacha haziruhusiwi. Usirekebishe jina la Amiga kwa heksa. Mahali mstari unapokaa hukokotolewa kutokana na jina lenyewe, na kila bloku ina hesabu ya ukaguzi. Ukibadilisha herufi moja, faili inapotea kabisa. Tumia amri ya RENAME ndani ya programu inayoigiza Amiga, au xdftool kwa kutazama.

BBC Micro, kwa mfumo wa DFS, ina majina ya herufi 7 na herufi moja ya saraka mbele, faili 31 tu. Kama *RENAME inakataa, huenda faili imefungwa. Ifungue kwa *ACCESS ikifuatiwa na jina.

Amstrad PCW na flopi zake za inchi 3 hutumia mfumo wa CP/M. Baiti ya kwanza ya kila mstari ni namba ya mtumiaji, na faili inayoonekana kupotea inaweza kuwa imekaa chini ya namba nyingine tu. LocoScript, programu yake ya kuandikia, ilihamishia faili zilizofutwa kwenye namba 8 hadi 15. Tafuta huko kabla ya kukata tamaa.

Kuzitoa faili kwenda kompyuta ya leo

Hapa ndipo majina yaliyokuwa mazima huharibika kwa mara ya kwanza. Commodore inaruhusu mkwaju, kwa hiyo BARUA 12/3/89 ni jina zuri kabisa huko. Linux itadhani ni folda ndani ya folda, na Windows italikataa, pamoja na nukta pacha, kinyota, kiulizi na alama za mtajo. Windows pia haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Barua na barua zitafutana. Na kuna majina yaliyokatazwa: CON, PRN, AUX, NUL, COM1, LPT1. Mtu aliyepanga barua zake za nje kwa vifupisho vya KEN, TAN na CON kwenye Commodore hakukosea kitu, lakini CON yake ya Kongo haiwezi kuhamia Windows kwa jina hilo, na kabla ya Windows 11 hata kuongeza .TXT hakukusaidia.

Kwa hiyo usitoe faili zote kwa mkupuo. Tengeneza kwanza orodha, majina.txt, kila faili mstari wake: jina la asili kwa heksa, jina la asili kama linavyosomeka, jina jipya, aina, ukubwa, na tarehe kama ipo. Heksa isiachwe, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee usiotafsiriwa na programu yoyote. Tarehe pia itazame kwa makini: saraka ya Commodore haitunzi tarehe, na kompyuta ya DOS isiyo na betri ya saa huandika 1-1-1980 kwenye kila kitu. Mara nyingi tarehe ya kweli ni ile mwenyewe aliyoiandika ndani ya jina, na ndiyo sababu 12/3/89 inapaswa kuwa 1989-03-12 kwenye jina jipya, si kufutwa. Kabla ya kugeuza, muulize mwenye diski kama aliandika siku kwanza au mwezi kwanza. Waliofunzwa na Wamarekani walianza na mwezi.

Majina mapya yawe ya herufi a hadi z, tarakimu, kistari na nukta moja. Msiongeze maelezo mnayoyakisia. Kama hamjui barua ni ya nani, jina lisiseme.

Kama mwenyewe anataka diski itumike tena

Wazee wengine wanataka kuiona kwenye mashine yao, na wana haki. Andika taswira iliyorekebishwa kwenye flopi nyingine, siyo ile ya asili, na uchague flopi ya aina ile ile. Usilazimishe 720 KB kwenye diski ya 1.44 MB ukategemea kuziba kitundu. Inaweza kukubali leo na kukataa baada ya miezi.

gw write --format commodore.1541 kahawa01-mpya.d64

Kisha isome tena kwa gw read kwa jina jingine, upige sha256sum ya faili zote mbili. Zikilingana, izuie isiandikwe, ijaribu mbele ya mwenyewe kwa kufungua faili mbili tatu zilizokuwa na majina mabaya. Zisipolingana, safisha kichwa cha draivu urudie. Zikikataa tena, flopi hiyo mpya iweke kando na uchukue nyingine.